Kilo Nane Mlimani

Jumatatu, 20 Mei

Naanza shajara. Nimechukua kurasa za nyuma za daftari la ukaguzi wa mizani, zile zisizosomwa na mtu. Anayejiandaa kwa jambo kubwa lazima aandike, ili baadaye watu waone alianzia wapi.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ya tarehe 15 Juni kuna mashindano ya baiskeli ya kupanda mlima. Kilomita tisa, kutoka kituo cha zimamoto mpaka mnara wa simu. Si ya mabingwa. Ni ya watu wa kawaida wenye kazi zao na matumbo yao. Mimi nimo. Shemeji naye yumo. Atakayetangulia kati yetu anachukua chumba cha mbele.

Nieleze vizuri. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Yeye ni fundi saa, mimi ni fundi mizani, na tumepanga karakana moja yenye vyumba viwili. Cha mbele kina dirisha kubwa linalotazama barabara. Cha nyuma kina kidirisha kinachotazama ukuta. Miaka tisa yeye yuko mbele. Miaka tisa mimi niko nyuma! Wateja wangu wanapita kwake kwanza, wanasalimiana, wanacheka, na wakifika kwangu wameshamaliza kucheka. Eti aliniweka nyuma kwa faida yangu, kwa sababu mizani haipendi upepo. Haya, mizani haipendi upepo. Na mimi je, napenda kusahaulika?

Basi jana, mezani kwa mama mkwe, nilitamka mbele ya watu wote: mshindi akae mbele, mshindwa akae nyuma, mwaka mzima. Shemeji akaacha kutafuna. Akasema sawa tu. Hakubisha hata neno moja. Kiburi kile!

Mke wangu akauliza mara ya mwisho nilipanda baiskeli lini. Swali la kunikatisha tamaa.

Jumatano, 22 Mei

Kupanda mlima ni suala la uzito. Na nani katika mji huu anajua uzito kunishinda mimi?

Nimepima kila kitu. Mimi, kilo 90 na gramu 300. Baiskeli, kilo 19 na gramu 400. Shemeji nimemkadiria kwa macho, kilo 88. Macho yangu hayakosei zaidi ya nusu kilo, waulizeni wauza nyama.

Mpango ni kupunguza. Wali hapana. Mkate hapana. Sukari hata isipite karibu yangu. Na baiskeli nayo ikonde. Leo nimetoa kengele, gramu 140. Stendi, gramu 520. Madigadi yote mawili, karia ya nyuma, kifuniko cha mnyororo. Kila kimoja nimekipima na kukiandika. Sijafurahi hivi kazini tangu mwaka jana.

Shemeji alichungulia mlangoni akauliza kama natengeneza baiskeli au nauza vipuri. Nikamwambia ataona.

Jumatatu, 27 Mei

Njaa. Njaa jamani!

Jana kwa mama mkwe nilikula kabichi huku wenzangu wakila nyama. Mama mkwe akauliza naumwa nini. Shemeji akanijibia kwamba niko mazoezini, kisha akajichukulia kipande cha tatu. Alikitafuna taratibu, macho yake kwangu. Makusudi kabisa.

Mazoezi ya leo yameanza saa kumi na mbili asubuhi. Nimefika kilomita ya pili. Hapo nikapitwa na muuza maziwa. Kwa miguu. Alinisalimia vizuri tu, akaniuliza habari za nyumbani, nikashindwa kumjibu kwa kukosa pumzi.

Lakini mizani haidanganyi. Kilo 87 na gramu 900.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya uvumbuzi. Nimepima breki, za mbele na za nyuma, pamoja na nyaya na vishikio vyake: gramu 980. Karibu kilo nzima! Sasa jiulize, breki ni ya nini? Ya kusimamisha baiskeli. Na mlimani baiskeli yangu inasimama yenyewe. Nimezing'oa zote.

Nikachukua keekee nikatoboa bomba la kiti. Matundu kumi na sita, yamepangika vizuri kama ya filimbi. Gramu 110 hizo.

Mke wangu alikuja na chai isiyo na sukari akaangalia. Akauliza nitashukaje mlima. Nikamwambia mashindano yanaishia juu. Akaendelea kuangalia matundu, halafu akasema kaka yake ametia mafuta mnyororo. Nikauliza, na nini tena? Akasema basi, ametia mafuta mnyororo.

Huyo Shemeji kweli hajui kinachomjia.

Jumatano, 5 Juni

Kilo 84 kamili! Mkanda nimeutoboa tundu jipya. Shemeji anasema nimekonda uso kama mtu aliyeuguza. Wivu.

Hasira ziko karibu, nakiri. Asubuhi nimemfokea mwenye bucha kwa sababu mizani yake ilinukia nyama. Ningemwomba radhi, lakini mate yalikuwa yamenijaa mdomoni.

Mchana alikuja Mwalimu. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya mashindano. Alitufundisha mimi na Shemeji, na mpaka leo akiingia karakana sote wawili tunasimama. Alikuja kuazima mizani yangu kubwa, ile ya kupimia magunia. Hakusema ya nini, nami sikuuliza. Amekuja kwangu, chumba cha nyuma, akampita Shemeji bila hata kumtazama. Nimeisafisha mizani ile mpaka inang'aa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwisha.

Kanuni zimebandikwa leo kwenye lango la zimamoto. Kanuni ya kwanza, kila mtu avae kofia ngumu. Ya pili, hakuna kusukumwa na gari. Ya tatu, kwa kuwa mwaka jana wembamba walimaliza wote na wanene wakafika waamuzi wakiwa wamekwenda nyumbani, mwaka huu wazito wataanza mapema. Kila kilo inayozidi sabini inampa mtu nusu dakika. Watu watapimwa asubuhi ya mashindano, na mavazi yao, kwenye mizani iliyothibitishwa.

Mizani yangu!

Hapo niliacha kusoma, macho yamenitoka pima. Kulikuwa na mistari mingine chini, lakini nani angesoma? Mimi, kilo 84, dakika saba. Shemeji, kilo 88, dakika tisa. Zaidi ya wiki mbili nimekula kabichi ili nimzawadie Shemeji dakika mbili! Ningekaa tu nilivyokuwa, nikanywa chai na sukari yangu kama binadamu, ningekuwa na dakika kumi.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma. Akasema pole sana, Shemeji. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma.

Jumatatu, 10 Juni

Nakula. Asubuhi mayai sita na mkate mzima. Saa nne wali uliobaki. Mchana wali mpya. Mke wangu jana alifurahi kuniona nimepona. Leo amefunga kabati.

Kilo 84 na gramu 700. Mwili huu mkaidi. Kupungua ulipungua, kurudi hautaki.

Jumatano, 12 Juni

Kilo 85 na gramu 600, na tumbo limenikatika usiku kucha. Kwa njia hii sifiki popote.

Nilikuwa nimelala chali sakafuni karakana, nikisikilizia tumbo, nikiangalia rafu. Na kwenye rafu kuna nini? Mawe ya mizani! Mawe ya chuma, ya kilo mbili mbili, yamepangwa yananitazama. Nikakaa kitako palepale.

Kwanza niweke jambo moja wazi. Kuichezea mizani sitaichezea. Sijawahi, na sitawahi. Nina heshima yangu, na mizani ile nimeirekebisha mwenyewe, haikosei hata gramu hamsini. Mizani itasema kweli tupu juu ya uzito uliosimama juu yake. Kama uzito huo baadhi yake ni chuma, hayo hayaihusu mizani.

Mpango: kisibau cha turubai chenye mifuko minne, kivaliwe ndani ya fulana. Mawe manne, kilo nane. Napimwa. Naenda chooni pale zimamoto. Navua kisibau, nakitia kikapuni kwa mke wangu, napanda mlima mwepesi na dakika zangu kibindoni. Mke wangu nitamwambia tu asimame karibu na choo na kikapu. Asiyejua kitu hatasema kitu.

Kichwa hiki! Wakati mwingine najiogopa.

Ijumaa, 14 Juni

Kisibau kimekamilika. Nimekishona mwenyewe, nimejichoma mara saba.

Mawe yaliyokuwa karakana ni matatu tu, mengine yako kwa wateja. La nne lilikuwa nyumbani, lile ambalo mke wangu analiwekea mlango wa jikoni ili upepo usiupige. Nimelichukua. Jioni amelitafuta kila mahali. Nimemsaidia kulitafuta. Nilitafuta mpaka chini ya kitanda, kwa bidii, mpaka akaniambia niache, nisijichoshe kabla ya kesho.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nimelala kifudifudi. Nitaandika yote.

Saa moja asubuhi nilipanda kwenye mizani mbele ya kamati. Kilo 94 na gramu 200. Mwalimu akavaa miwani. Akasema ananiona mwembamba. Nikasema nina mifupa mizito, Mwalimu. Akaandika: dakika kumi na mbili. Shemeji akapima kilo 88 kamili, dakika tisa. Nimesema macho yangu hayakosei.

Nikaanza kuelekea chooni. Mwalimu akaniuliza nakwenda wapi bila namba. Pembeni alikuwa ameketi mdogo wake, fundi cherehani, na sindano ya kushonea magunia. Kumbe mwaka jana kuna mtu alimpokeza ndugu yake namba kwenye kona, ndugu akamalizia mbio. Mwaka huu namba zinashonwa mwilini, kifuani na mgongoni, na hazikatwi mpaka kileleni. Ilikuwa kwenye tangazo, mstari wa mwisho.

Fundi cherehani alisema fulana yangu nene. Nikasema naogopa baridi. Akasema haina neno, sindano yake inapita popote. Na kweli ilipita! Fulana, turubai, yote pamoja, mishono kumi na miwili mbele na kumi na miwili nyuma, akakata uzi kwa meno. Kukivua kisibau sasa ni kuvua fulana, kuvua fulana ni kuvua namba. Mke wangu alikuwa amesimama karibu na choo na kikapu chake, ananitazama. Nilimpungia mkono tu.

Nikaondoka wa pili, nyuma ya mwoka mikate wa kilo 112. Kilomita ya kwanza nzuri. Ya pili, mawe ya kifuani yakaanza kugongana. Kong, kong, kila nikikanyaga pedali. Mtu mmoja kando ya barabara akanipigia kelele kwamba pedali yangu inakatika. Ya tatu sikumbuki. Ya nne nilishuka nikawa nakokota. Nilifikiri kupasua mifuko niyatupe mawe mtaroni, lakini kila jiwe lina mhuri wangu, na namba ya karakana, kwa herufi kubwa. Ndivyo sheria inavyotaka. Mtu angeyaokota na kuyapeleka mpaka mlangoni kwa Mwalimu.

Nikapanda tena. Kilomita ya sita, bomba la kiti likakatika. Tundu la tisa, nimehesabu baadaye. Kiti kikaruka nyuma, mimi nikabaki nimesimama juu ya pedali, sina pa kukaa, kilo nane kifuani na mgongoni, kilomita tatu mbele.

Nikasikia kengele. Kengele ya baiskeli! Nani anakwenda mashindanoni na kengele? Shemeji. Ana kengele, ana madigadi, ana stendi, na kwenye karia yake amefunga kiti changu kwa kamba. Akasema amekiokota kisije kikapotea. Nikamwambia apite. Akasema haraka ya nini. Akaniwekea kiganja mgongoni anisukume.

Kiganja kikasimama. Akagonga kwa kidole. Kong.

Akauliza hiki ni nini. Nikasema mgongo. Tukaendelea kupanda. Halafu akauliza kama ni ya kilo mbili au ya kilo tano. Nikasema ya mbili. Akauliza mangapi. Nikasema manne. Akasema lo.

Niliona aibu. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na nilingoja aondoe mkono wake apite zake, na ningemwelewa. Hakuuondoa. Alinisukuma kilomita mbili na nusu, anahema kama mimi, akaniambia tu pale penye shimo nipinde kushoto. Watembea kwa miguu walitupigia makofi. Nilitaka kulia.

Kisha nikauona mnara.

Mita hamsini. Mita arobaini. Aibu ikaisha yenyewe. Nikafikiria dirisha kubwa. Nikafikiria miaka tisa ya ukuta. Shemeji alikuwa bado ana mkono mmoja tu kwenye usukani, na akaniuliza kama nataka maji. Nikachomoka! Nilikanyaga kufa kupona, kong kong kong kong, na nyuma yangu nikasikia breki zake zikilia. Breki, mlimani! Mtu anafungaje breki akipanda? Nikajua amekwisha, miguu imekataa, anashika chochote.

Nilimtangulia kwa gurudumu moja. Mimi wa thelathini na moja, yeye wa thelathini na mbili. Tulikuwa thelathini na wanne.

Mke wangu alikuwa amepanda na lori la watazamaji. Fundi cherehani alikuwa bado ana kazi kwa mwoka mikate, basi mke wangu akaazima mkasi akanikata nyuzi yeye mwenyewe. Fulana ikafunguka. Akaangalia. Akatoa jiwe moja, akaligeuza, akaona chembe za rangi ya mlango wetu wa jikoni. Akasema mlango umejibamiza usiku kucha. Kisha akamtazama kaka yake, na kaka yake akawa anautazama mnara kana kwamba anataka kuununua.

Aliyatia mawe yote manne kikapuni, akafunika. Hakumwambia mtu. Nimeshuka kwa lori. Mwalimu alikuwa ameiona baiskeli yangu akanipiga marufuku kuigusa.

Lakini chumba cha mbele ni changu!

Jumatatu, 17 Juni

Tumehama leo. Nilidhani Shemeji atanuna, ataomba siku mbili tatu. Wapi! Nilipofika saa mbili maboksi yake yote yalikuwa yamekwisha kuhamia nyuma. Yamefungwa kamba vizuri, kila moja limeandikwa tarehe ya kufungwa. Alhamisi tarehe 13. Siku mbili kabla ya mashindano! Basi alijua tangu mapema kwamba hana ubavu. Nilimwonea huruma kidogo.

Amenisaidia kubeba mizani, akaibeba kama mtoto mchanga. Kiti changu amekitengenezea bomba jipya, zima, halina tundu. Akasema jambo moja tu: nikipima vitu vidogo, nifunge dirisha. Mshindwa ananipa masharti. Nikamwambia asante, nimesikia.

Nimekaa dirishani mpaka jioni. Watu wanapita, wananiona. Raha yake haisemeki.

Alhamisi, 20 Juni

Jua linaingia hapa saa tatu na linatoka saa kumi. Sikulijua hilo. Nikifungua dirisha, upepo. Nikilifunga, naoka kama mkate. Sonara alileta mizani yake ndogo ya dhahabu. Nilipima pete moja mara tatu nikapata uzito wa aina tatu. Kijisahani kilikuwa kinatetemeka kwa upepo, na kila lori likipita kinaruka. Sonara alitazama pete, akanitazama mimi. Akauliza kama naumwa.

Na watu! Leo wameingia watu arobaini na mmoja. Nimewahesabu. Thelathini na nane wanamtaka fundi saa. Wawili walitaka kujua saa ngapi. Mmoja aliingia kukwepa jua akakuta ndani liko kali zaidi. Wanapita kwangu, wananisalimia mbiombio, wanaacha mlango wazi, na huko nyuma nawasikia wanacheka.

Nilikwenda kuchungulia. Kuna ubaridi huko! Ametundika pazia, ana taa ndogo ya mezani, kimya kizuri kabisa. Baada ya chakula cha mchana anajinyoosha kwenye benchi langu la zamani na kusinzia. Miaka tisa nilikuwa na chumba kile, hata siku moja haikunijia kusinzia.

Jumapili, 23 Juni

Kwa mama mkwe. Nyama. Nimekula vipande vinne bila furaha.

Tukiwa tunarudi mke wangu amenieleza jambo. Eti miaka mitatu sasa jua la dirisha lile linamuumiza macho Shemeji, saa ndogondogo hazioni vizuri, na daktari amemwambia atafute kivuli. Eti alikuwa anatafuta namna ya kuniomba tubadilishane, akashindwa, kwa sababu alijua mizani itateseka na upepo. Eti nilipotamka habari ya mashindano pale mezani nusura apaliwe na chakula kwa furaha.

Nimemsikiliza mpaka mwisho. Hayo ni maneno ya mtu aliyeshindwa, anatafuta pa kuficha uso. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo.

Jumatano, 26 Juni

Sonara amechukua mizani yake. Amesema kwa adabu ataitafutia fundi mji wa pili, mpaka mimi nitakapopata nafuu. Mwenye duka la dawa naye ametuma ujumbe wa namna hiyohiyo. Hao wawili ndio walionilisha miaka tisa. Leo nimekaa dirishani kutwa, jasho linanitiririka, na kila aliyepita aliniona. Kila mmoja.

Lazima nirudi nyuma. Sina njia nyingine, nimeumia kweli safari hii.

Mke wangu anasema nimwombe tu kaka yake, kwani sisi ni ndugu, tugawane chumba cha nyuma, yeye upande wa taa na mimi upande wa ukuta, na mbele tuweke viti vya wateja. Anasema atakubali kabla sijamaliza kusema. Kuomba! Mimi, mshindi? Mtu niliyemwacha nyuma kwa gurudumu zima?

Hapana. Kilichopatikana kwa mbio kitarudishwa kwa mbio. Jumapili ijayo mezani nitatamka mashindano mapya, mimi na Shemeji tu, na atakayetangulia achukue chumba cha nyuma. Na safari hii hakuna kupanda. Kosa langu lote lilikuwa kupanda. Tutaanzia kwenye mnara na kumalizia zimamoto. Kushuka!

Kushuka ni suala la uzito, na nani katika mji huu anajua uzito kunishinda mimi? Mawe manne yapo, na moja la kilo tano nimelipata leo. Jiwe la mlango wa jikoni nimelichukua tena, mke wangu bado hajaliulizia. Kisibau nimekipanua. Shemeji na madigadi yake na kengele yake ataona vumbi tu.

Mke wangu amekuja na chai, yenye sukari, akaiona baiskeli imesimama tayari. Akauliza habari ya breki. Nimemweleza taratibu, maana hili jambo ni la kitaalamu: ukitaka kushinda mtu kwenye kushuka, kitu cha mwisho unachohitaji ni breki. Kazi yake ni kupunguza mwendo.